Kipimo kilisema biharusi wangu hana pumzi, nikakijibu kwa piko

Wakuu, salamu zenu. Wadogo mnaotaka kuniamkia, marahaba, nshaitikia. Haya nnayoandika nimeyaona kwa macho yangu mawili. Moja lina mtoto wa jicho, lakini siku ile yote yalifanya kazi.

Nimesoma humu mnavyobishana ati roboti zitawatoa kazini madaktari, kama kwenye muvi za anga za juu. Bisheni. Ila mmoja wenu kaandika kuwa bibi wa hina na udi hana lake kwenye sayansi.

Bibi mwenyewe ndiye mimi. Skuli niliishia darasa la tatu. Kaa kitako usome.

Mjukuu wangu Rukia nimemlea mimi, wazee wake wote wawili washatangulia. Ilikuwa kesho yake anaolewa. Yuko ndani kwangu Michenzani, nshamsinga mwili kwa manukato, nshampaka piko vidole vyote kumi, kucha nyeusi tititi. Mara akasema kichwa kinamzunguka.

Kaka yake, Nassor, mwanamme mzima, anauza simu Darajani, na muvi zote za roboti kaziona yeye. Ana kile kidude cha kubana kidoleni, kinawaka taa nyekundu kisha kinakwambia oksijeni yako kiasi gani. Akambana nacho.

Themanini na mbili.

"Bibi, huyu hana pumzi! Kwenye muvi mtu akifika hapa washamtia mipira puani!"

Na simu mkononi, anataka kuwapigia wakwe Mkokotoni waahirishe.

"Weka simu chini," nkamwambia.

Maana neno la biharusi mwenye maradhi ya kifua likishatoka mlangoni halirudi, na Rukia hana mama wa kumsemea. Ana mimi tu.

Nkamtazama mtoto. Midomo rangi yake ile ile. Anazungumza bila ya kuhema. Nkakitazama na kidude: taa yake inapigia juu ya ukucha.

Wakuu, mimi nimekulia kwenye taa ya chemli. Kioo kikishika masizi chumba kinakuwa kiza, lakini utambi una kosa gani?

"Nassor, lete kidole chako."

"Mimi siumwi, Bibi."

"Ndo maana nnakitaka."

Akatoa gumba la kulia. Tisini na nane. Nkavuta kibakuli cha piko, nkampaka.

"Bibi! Mimi mwanamme!"

"Basi tulia kama mwanamme."

Ilipokauka tukabana tena. Themanini na nne. Na yeye kasimama pale anapiga kelele, mzima kama chuma! Rukia alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini mimi si daktari, na kizunguzungu si cha kufanyia mchezo. Nkamvisha baibui, tukashuka ngazi mdogo mdogo mpaka kwa daktari. Yeye akambana kwenye ndewe ya sikio: tisini na tisa. Akamuuliza, "Umekula nini leo?"

Kumbe tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, ati gauni limkae vizuri! Nlimsema njia nzima ya kurudi.

Daktari aliponiuliza nani kanifundisha habari ya piko, nkamjibu, "Chemli." Akaandika kwenye karatasi yake. Sijui kaandika nini, lakini kaandika.

Ndoa ikafungwa siku yake, baada ya Alasiri. Nassor ndiye walii wa dada yake, yeye ndiye anayemwozesha. Msikitini sikuwepo, nimeona kwenye video: kashikana mkono na bwana harusi, gumba jeusi liko juu watu wote wanaliona. Sheikh anamwuliza, "Nassor, leo anaolewa nani?"

"Sayansi hiyo, sheikh. Muulize bibi."

Nimeirejea video hiyo mara nyingi kuliko inavyonipasa.

Nnalokwambieni ni hili: kipimo kikikutisha, kwanza tazama kipi kimekaa baina yake na mtu. Kisha nenda kwa daktari, usijifanye bingwa. Na kina mama, mkimpaka biharusi mwachieni kidole kimoja.

Haya, bisheni sasa. Na yule aliyeandika habari za bibi wa hina na udi, namngoja hapa. Piko bado ipo.