Kidoti cha Kijani cha Mzee Lambi

Svilena Rachkova haonekani kazini. Ukifungua Sedyanka, programu ambayo wenzake wote hutumia kuandikiana na kufanya kazi pamoja, utaliona jina lake na pembeni kidoti cha kijivu, asubuhi mpaka jioni, kama mtu aliyekwenda sokoni akasahau kurudi. Yupo. Anafanya kazi kama punda. Kidoti chake amekizima mwenyewe tangu Februari ile, na mkubwa wake Kaloyan, ambaye akiona kijivu hapitishi muda bila kupiga simu, kumpigia yeye hathubutu. Na ajabu yenyewe ni kwamba kidoti hicho alikibuni Svilena.

Tuanzie mbali kidogo. Bibi yake Svilena aliishi kijiji cha mlimani, juu ya mji wa Gabrovo. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alisimama dirishani kukagua mabomba ya moshi ya majirani. "Tsonka kawasha. Mito kawasha. Haya, wote tumeamka." Siku bomba la mtu lisipotoa moshi, bibi alijitupia shali akaenda kugonga mlango. Hakwenda kwa umbea, ingawa mdomo alikuwa nao. Watoto wa kijiji kile walikwisha kwenda zao Sofia na Ujerumani, wazee wakabaki mmoja mmoja, na moshi ndio uliokuwa salamu yao.

Svilena akakua, akasoma chuo cha ufundi palepale mjini, akaajiriwa na kampuni ndogo iliyopanga ghorofa ya juu ya kiwanda cha sufu kilichofungwa. Ndiyo hiyo iliyotengeneza Sedyanka, wakaipa jina la ile mikusanyiko ya kale ya wasichana waliokaa pamoja jioni za baridi, mikono ikisokota sufu na midomo ikisengenya. Tatizo lilikuwa moja: utajuaje kama mwenzako yupo kabla hujamwandikia? Svilena akakumbuka mabomba ya bibi. Akatunga kidoti: mtu akigusa kompyuta yake kinakuwa kijani, akiondoka kinakuwa kijivu. Na ukimtafuta mtu aliyeondoka, programu inakuuliza kwa adabu, "Katoka. Tukujulishe akirudi?" Maneno hayo aliyaandika yeye, na aliyapenda. Kampuni ikajichukulia hataza ya uvumbuzi ule, Svilena akapewa boksi la chokoleti na kupigiwa makofi jikoni. Hakununa. Alijiona amewapa watu wote moshi wa bibi yake.

Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mzee Lambi. Jina lake kamili ni Haralampi Tonchev, mjane asiye na mtoto, aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda kilekile cha sufu, kisha akajifunza kompyuta ukubwani. Kazi yake sasa ilikuwa kuijaribu programu na kuripoti makosa kabla wateja hawajayaona. Meza yake ilitazamana na ya Svilena, na mchana walikatiana vitafunio.

Watu wa Gabrovo wanataniwa nchi nzima kwa ubahili, na wao wenyewe ndio mabingwa wa kujitania. Husema babu zao walisimamisha saa usiku ili isichakae bure. Mzee Lambi hakuhitaji utani huo, aliuishi. Kila jioni akimaliza kazi alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akauviringa vizuri kama kamba ya mbuzi.

"Mzee, si umeshaizima?" Svilena alimchokoza siku moja. "Inakula nini tena?"

"Mwanangu, kitu kikishachomekwa kinanyonya. Kama shemeji aliyekuja kusalimia."

Lakini ilikuwepo siku moja katika mwaka ambayo ubahili wake ulikwenda likizo. Kule, siku ya kuzaliwa unangoja mwaliko, ila sikukuu ya jina la mtu huhitaji kualikwa. Unakwenda tu, na mwenye jina anakaa nyumbani na meza tayari. Mtakatifu Haralampi huadhimishwa Februari, na ndiye mlinzi wa wafuga nyuki. Mzee Lambi alikuwa na mizinga michache nyuma ya nyumba. Basi kila mwaka ofisi nzima ilipanda kilima mpaka kwake, wakala mkate na asali iliyobarikiwa kanisani, wakanywa rakia, ile pombe kali ya matunda, mpaka mtu akasahau alikoacha kofia.

Kisha ukaja ugonjwa ule uliofungia dunia nzima ndani, kila mtu akatumwa kufanyia kazi nyumbani. Ugonjwa ukapita, watu wakabaki hukohuko, maana Kaloyan Dryanov alikwisha onja utamu wa kutolipa kodi ya pango la ofisi nzima. Akabakisha chumba kimoja na kibao mlangoni. Kaloyan si mkatili. Ni mwoga, na mwoga akipewa rula hupima kila kitu. Wafanyakazi hakuwaona tena, akaanza kutazama vidoti. Nani kijani, nani kijivu, kwa muda gani. Akaagiza Sedyanka iwe inatangaza kila Ijumaa nani aliyekaa kijani kuliko wenzake, na wanunuzi wa nje wakaipenda sana hiyo.

"Kaloyan, kidoti ni cha kujua kama mtu yupo, si cha kumchunga," Svilena alimwambia kikaoni.

"Kuna tofauti gani?" akauliza Kaloyan, na hakuwa akitania.

Majira ya vuli Mzee Lambi akampigia simu Svilena. Sauti ilikuwa nzito.

"Mwanangu, moyo unanisumbua. Daktari kasema mchana nijilaze kidogo. Sasa nikijilaza nakuwa kijivu, na yule bwana mdogo ananipigia. Jana kaniuliza kama nimechoka na kazi."

"Mwambie ukweli, Mzee."

"Nikimwambia moyo mbovu, si atasema bora nipumzike moja kwa moja? Sijafikia pensheni bado. Nani mwingine ataniajiri na mvi hizi?"

Svilena alijua ni kweli. Jioni ile akamwandikia kijiprogramu kinachousogeza mshale chenyewe kwenye skrini, kidogo kushoto, kidogo kulia, ili kidoti kisizimike mtu akiwa kitandani. Aliyejenga ukuta ndiye aliyetoboa tundu.

"Ukiwasha kompyuta asubuhi, na hiki kinajiwasha," alimweleza. "Ukitaka kulala, lala."

Mzee Lambi alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo sasa hata nikifa nitakuwa kazini!"

"Mzee, usiongee hivyo bwana."

"Wewe usiogope. Mtu wa Gabrovo hafi siku ya kazi, atakatwa mshahara. Nitangoja Jumamosi."

Mwaka ule sikukuu ya Haralampi iliangukia Jumatano, katikati ya pilikapilika za kutoa toleo jipya la programu. Svilena alikwisha nunua boksi la chokoleti na nia ya kupanda kilima anayo. Ila theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi, kazi ilikuwa haijaisha, na kila alipotupa jicho kwenye jina la Mzee Lambi alikuta kijani. Akajiambia: yupo, mzima, naye kabanwa na kazi kama mimi. Jioni ilipoingia akamwandikia, "Heri ya jina lako, Mzee Lambi! Uishi miaka mingi! Jumapili nakuja, niwekee asali." Wenzake wakafuata. Huyu akabandika emoji ya nyuki, yule ya keki, yule ya glasi mbili zikigonganishwa. Ukurasa ulijaa vizuri, ungedhani kweli kuna sherehe. Jino la pembe si dawa ya pengo. Hakuna hata mmoja aliyepanda kilima.

Mzee Lambi hakumjibu mtu. Svilena alidhani kanuna, na yeye naye akanuna kidogo, maana toleo lilikuwa la wote na theluji hakuinyesha yeye. Kesho yake kimya pia, na kidoti kijani. Ripoti za makosa hazikuja hata moja. Kaloyan akafurahi, akawaandikia wote kuwa tangu kampuni ianze hawajawahi kutoa toleo safi namna hii.

Ijumaa alasiri likatoka tangazo la wiki. "Hongera Haralampi Tonchev! Ndiye mchapakazi wetu. Tangu Jumatano kidoti chake hakijazimika, mchana na usiku." Makofi yakamiminika. Mmoja akaandika, "Mzee Lambi moto wa kuotea mbali!" Kaloyan akaongeza, "Vijana, igeni mfano."

Svilena alisoma neno usiku, akalirudia. Mzee Lambi aache kompyuta ikila umeme usiku kucha? Yule aliyechomoa hata redio isiyoimba? Akapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Kisha akachukua koti na kutoka bila kufunga zipu, akapanda kilima akiteleza na kuinuka, na njia nzima alikuwa akimwomba Mungu mzee awe amenuna tu.

Theluji mbele ya mlango ilikuwa laini, haina alama ya kiatu. Alitazama juu. Bomba halikutoa moshi. Jirani, mama mmoja wa makamo aitwaye Pena, alimwona kupitia dirisha lake akatoka na ufunguo wa akiba.

"Shangazi Pena, Mzee Lambi umemwona lini?"

"Mbona juzi asubuhi alikuwa anarudi kutoka kanisani na asali yake? Halafu sijamwona, lakini usiku naona mwanga wa kompyuta dirishani. Nikasema leo mzee kapata kazi nyingi."

"Na moshi?"

"Moshi sikuona. Si unamjua alivyo? Nikasema anabana kuni…" Pena akaishia hapo, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Walimkuta sakafuni, kati ya meza na mlango, amevaa shati jeupe na tai. Meza ilikuwa imetandikwa. Mkate ulikuwa umekauka, asali imeganda kwenye bakuli, chupa ya rakia haijafunguliwa. Na glasi ndogo alizipanga zote alizokuwa nazo, hata zile za marehemu mkewe ambazo hazikuwahi kutolewa kabatini. Kwenye kona kompyuta ilikuwa macho, mshale ukijisogeza kidogo kushoto, kidogo kulia.

Daktari aliyekuja na gari la wagonjwa alikuwa kijana mchovu. "Huyu alifariki Jumatano jioni," alisema akiwa amepiga magoti. "Wala hakufa palepale, alijaribu kujivuta mlangoni. Kama angekuja mtu jioni ile, labda…" Alipoinua macho na kuuona uso wa Svilena aliacha, akajishughulisha na mkoba wake.

Walipomtoa mzee, Svilena alibaki chumbani. Alikwenda kwenye kona, akazima kompyuta, akachomoa waya ukutani. Akauviringa kama mzee alivyokuwa akiuviringa. Kisha akakaa kwenye kiti kimoja cha wageni na kulia kwa sauti, na Pena akamwacha alie.

Tangazo la kifo lenye picha ya marehemu walilibandika kwenye mlango wa ofisi, kama ada ilivyo. Halikusomwa na mtu, maana hakuna anayepita pale. Mazishini walikuja wote, hata wale ambao hawakuwahi kuonana ana kwa ana, wakala ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu kwa vijiko vya plastiki, wakitazamana kwa haya. Kaloyan alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Wakati watu wanateremka kutoka makaburini alimsogelea Svilena.

"Nimefikiri sana," alisema kwa sauti ya chini. "Kilibakije kijani?"

"Nilimwandikia programu."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anakuogopa, Kaloyan. Alikuwa na moyo mbovu na anakuogopa. Na mimi niliona rahisi kudanganya kidoti kuliko kuja kukugongea mlango."

Kaloyan alitazama viatu vyake vilivyojaa tope na theluji. Hakumfukuza kazi. Hata tangazo la kila Ijumaa hakulifuta, kwa sababu wanunuzi walishalilipia. Tangu siku hiyo kijivu cha Svilena hakigusi.

Jioni ya mazishi Svilena alifungua Sedyanka ili asome walivyokuwa wakiandikiana na mzee. Mwisho kabisa ulikuwa ujumbe wake mwenyewe wa kumwambia awekewe asali, nao haukuwa umesomwa. Alipoweka mshale juu ya jina la Mzee Lambi, ambalo sasa lilikuwa na kidoti cha kijivu, programu ikamletea maneno yale aliyoyaandika yeye miaka ile, alipokuwa na furaha: "Haralampi katoka. Tukujulishe akirudi?" Chini yake palikuwa na Ndiyo na Hapana.

Alikaa akiyatazama. Akabonyeza Ndiyo. Kisha akazima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akauviringa vizuri.