Siku Chepngeno Alipomlaza Ndovu

Ukifika Kimulot uulize nyumbani kwa kina daktari Chepngeno, wazee watakujibu kwa swali: "Yule mwindaji?" Hawamtanii. Siku hizi ameshalaza nyati, chui na ndovu wengi katika kazi yake, lakini jina hilo alilipata kwa mnyama mmoja, wa kwanza, na aliyeitwa mwindaji kabla yake ni babake.

Mzee Kiptanui alikulia ndani ya msitu wa Mau, na mbwa wake na upinde wake. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji alifyeka vichaka, akapanda chai kama majirani. Hata hivyo mara kwa mara aliacha palizi ghafla na kuinama kutazama nyayo za pongo kwenye tope, mpaka mkewe Rachael amwite. Kitu kimoja alikitamani tangu ujana na hakukipata, nacho ni bunduki.

"Mwenye upinde lazima amkaribie mnyama mpaka amsikie akipumua," alikuwa akiwaambia watoto wake. "Mwenye bunduki anasimama mbali tu, kama mtu mkubwa."

Bunduki ikaja nyumbani humo kupitia kwa binti. Chepngeno alisomea udaktari wa mifugo, akatibu ng'ombe wa maziwa upande wa Londiani kwa miaka kadhaa, kisha akaajiriwa kutibu wanyama wa porini. Huko ndiko alikokabidhiwa bunduki yake ya kwanza. Ilikuwa na mtutu mrefu, mwembamba, na haikutoa risasi. Ilirusha sindano kubwa yenye dawa ya usingizi.

Aliyemfundisha ni daktari Makori, mtu wa Kisii mwenye sauti ndogo. "Hii dawa ya ndovu, tone moja likiingia kwa kidonda chako, hospitali hufiki," alimwambia. "Usiiogope. Lakini usiwahi kuizoea."

Chepngeno alifanya mazoezi kwa kulenga gunia lililojazwa maranda. Usiku aliota gunia lile likitembea.

Kisha asubuhi moja simu ikaingia. Ndovu dume alikuwa ametoka msituni, amesimama katikati ya mashamba ya chai, na waya wa mtego umezama kwenye mguu wake wa mbele. Watu walikuwa wameanza kukusanyika.

"Wapi?" Chepngeno aliuliza.

"Kimulot," Makori akasema. "Si ni kwenu? Leo utalenga wewe."

Walipofika, mteremko mzima ulikuwa umejaa watu. Wengine walipiga mluzi, wengine waligonga masufuria, na vijana walikuwa na mawe mkononi. Mzee Kiptanui alikuwa amesimama mbele yao, kofia ameishika. Chini kidogo, katika ile kijani iliyonyooka kama imekatwa kwa rula, alisimama ndovu.

Chepngeno alizaliwa karibu na msitu huo. Alishaona mavi ya ndovu, alishaona miti waliyoiangusha. Ndovu mwenyewe, karibu hivyo, nje peupe, hakuwahi kumwona. Michai iliyomfikia yeye kiunoni haikufika magoti ya yule mnyama. Ndovu alipopiga masikio, Chepngeno alihisi kama nyumba imefungua milango yake yote miwili. Akasahau kwa muda kwamba alikuwa amebeba kitu mkononi.

Alichuma jani kavu, akaliachia aone upepo unakwenda wapi, jinsi alivyomwona babake akifanya. Kisha akaingia kati ya mistari ya chai, ameinama, Makori nyuma yake. Akasogea mpaka akausikia mvumo wa tumbo la ndovu, mzito, wa chini sana, ambao aliusikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Akapiga goti. Akalenga paja.

Mlio ulikuwa mdogo, kama chupa ya soda ikifunguliwa.

"Imekataa?" mzee Kiptanui akauliza kwa sauti kule juu.

Haikuwa imekataa. Sindano ilining'inia pajani, manyoya yake mekundu yakionekana. Ndovu aligeuka, akapanda mteremko hatua chache, akaanza kuyumba. Kisha miguu ikakunjika yote kwa pamoja, akashuka chini kama anayepiga magoti kanisani. Watu wakashangilia.

Makori hakushangilia. "Amelalia kifua!" alipiga kelele. "Uzito wake utamziba pumzi. Tumgeuze alale ubavu, haraka, la sivyo anatufia!"

Walimfunga kamba kwenye pembe na mguuni. Gari lisingeweza kupita kwenye michai. Chepngeno na askari wawili wa wanyamapori waliokuja nao walivuta, wakavuta tena, na ndovu hakusogea hata kidogo. Aliinua macho akawatazama wale watu wenye mawe.

"Jamani, njooni!" aliwaita. "Anakufa! Njooni tuvute!"

Kisha mchumaji chai mmoja, mama anayeitwa Chepchirchir, akatua kapu lake, akashuka mbio na aproni yake ya plastiki, akashika kamba. Mzee Kiptanui akamfuata. Halafu wakashuka wote, wenye sufuria na wenye mawe, wakashika kamba, wakashikana viuno pale kamba ilipokwisha.

"Mvute!" Makori akaita. "Tena! Mvute!"

Ndovu akainama upande, polepole, kisha akaanguka ubavu. Ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyao. Mkonga ukatoa pumzi ndefu, ya moto, yenye harufu ya majani na udongo, ikawapiga watu usoni. Wale vijana walikuwa wamefunika midomo kwa viganja.

Chepngeno alifunika jicho la ndovu kwa sikio lake, akaweka kijiti kwenye ncha ya mkonga usizibe, akammwagia maji. Makori alikata waya na kuosha kidonda. Chepngeno alipoinua kichwa alimwona babake amesimama kando yake.

"Naweza?" mzee akauliza, kama anayebisha hodi.

"Weka mkono hapa, Baba. Nyuma ya mguu."

Mzee Kiptanui akaweka kiganja cha kulia. Akakaa hivyo kwa muda mrefu, macho amefumba.

"Moyo wake hauna haraka," alisema hatimaye, na machozi yalikuwa yakimtiririka.

Watu wakarudishwa juu. Chepngeno akamdunga ndovu dawa ya kumwamsha kwenye mshipa wa sikio, akakimbia. Baada ya muda sikio likacheza. Ndovu akajiinua, mlima mzima ukiinuka, akasimama akiwatazama. Kisha akageuka kuelekea msituni akichechemea kidogo, na hakuna aliyepiga mluzi. Mama Chepchirchir alisema tu, "Kongoi," yaani asante, kwa sauti ya chini, na haikujulikana alikuwa akimshukuru nani.

Jioni hiyo Chepngeno na Makori walikula kwa mzee. Rachael alileta birika la maji na beseni. Wote walinawa. Mzee Kiptanui alinawa mkono wa kushoto peke yake, akaomba kijiko cha kulia ugali.

"Mzee, hiyo mkono inanuka," Rachael alilalamika.

"Naijua," mzee akasema, akauweka mkono wa kulia juu ya goti lake, kiganja kikiangalia juu, akaendelea kula.