Moto wa Damari

Damari wa Mbalizi alikuwa fundi wa kutia bati masufuria ya shaba, kazi aliyoifanya na mumewe Tadeo mpaka Tadeo akafa. Wasiojua watasema alimsaidia tu mume. Waongo hao. Shaba tupu haipikiwi pilau. Inaota kutu ya kijani, ukila unatapika nyongo. Kwa hiyo Waswahili wa Mbeya walimletea Damari masufuria yao ya arusi, ayavike bati kwa ndani. Na bati alilijua: laini, linayeyuka upesi, na kipande chake ukikikunja karibu na sikio kinalia kama mtu asagaye meno. Risasi, madini rahisi wanayoiuza wadanganyifu kama bati, hailii. Mchuuzi gani angemdanganya?

Mwaka hamsini na tatu, matanga hayajapoa, akaja shemeji yake Saulo na rungu. Katika ukoo wao mrithi humwagia maji jiko la marehemu, akawasha lake. Moto ukishazimika, mjane na vyombo ni mali yake.

"Toka jikoni, shemeji. Nimekuja kurithi."

"Rithi koti, lipo msumarini. Mimi nina sufuria ya Bi Rukia, arusi ni kesho."

"Mwanamke hajibu hivyo!"

"Basi ziba masikio."

Rungu likamtua mdomoni, jino likaruka. Akainuka, akamng'ata mkono mpaka akaonja damu isiyo yake. Saulo akamkaba shingo, akamtupa ukutani, akampiga mateke ya mbavu. Juu ya makaa, bati lilikuwa limekwisha kuyeyuka chunguni, linang'aa.

Saulo akanyanyua debe la maji.

"Usimwage, mjinga we! Bati limeiva!"

"Nazima moto wa kaka yangu!"

Akamwaga. Maji yalipoingia chunguni, bati likalipuka kama bunduki. Matone yakamrukia usoni na kifuani, yakagandia kwenye nyama. Akapiga yowe, akakimbia akianguka na kuinuka mpaka barabarani.

Damari akatema damu. Akafukua majivu kwa koleo: chini kulikuwa na makaa mekundu bado. Akavuta mivukuto kuupuliza moto. Akabandua bati ukutani na sakafuni, akaliyeyusha upya, maana bati halichoki kuyeyushwa. Sufuria ya Bi Rukia ikatoka nyeupe pe.

Wazee wa ukoo walikuja kuuliza kama moto ulizimika. Mdomo umemvimba, Damari akawaonyesha jiko linawaka.

"Anayetaka kuzima, maji yapo."

Hakuna aliyeligusa debe.