Jisifu Kwanza Ndipo Tuongee

Kwa Mama Sharon pale Pasiansi, Mwanza, ukimpigia simu kwa namba asiyoijua, usianze na shida yako. Utajisifu kwanza. Usipojisifu anakata, uwe mchungaji, uwe mjumbe wa nyumba kumi. Mimi nimemnolea visu kila Jumatano kwa miaka sita sasa, na majigambo niliyoyasikia kwenye kile kisimu chake cha kiswaswadu yanazidi niliyoyasikia kwenye harusi zote nilizowahi kula pilau.

Kazi yangu ni hiyo ya kunoa. Baiskeli yangu ina jiwe mbele. Naisimamisha, nakanyaga pedeli, jiwe linazunguka. Leo nipo Buswelu, kesho Kirumba, keshokutwa Usagara kwa wauza nyama. Jumatano ni Pasiansi, na nikifika Pasiansi naanzia kwa Mama Sharon, mkaanga samaki, kwa sababu mbili. Moja, magamba ya sato yanamaliza makali ya visu vyake upesi. Mbili, kipande cha kwanza kutoka kwenye mafuta hakiuzwi. Anasema hicho ni cha kupima moto. Mpimaji ni mimi.

Jina lake la kuzaliwa ni Agutu. Ni Mjaluo wa Rorya, mwanamke mrefu mwenye mabega ya mpiga kasia, na akicheka mtu wa ng'ambo ya barabara anageuka. Mumewe alifariki watoto wakiwa wadogo. Sharon, mkubwa, sasa ni fundi cherehani Musoma. Wa pili ni Ooko, aliyekwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita akiwa na miaka ishirini na moja. Miezi ya mwanzo alikuwa anapiga simu kila Jumapili. Halafu namba yake ikawa haipatikani. Mwaka ukaisha, wa pili ukaisha, na wa tatu ukaingia.

Sasa hizi simu za usumbufu kila mtu anazijua. Kwa Mama Sharon ilianza na binti wa kurekodiwa, anayepiga kabla hata moto haujashika: "Ndugu mteja, hongera! Umechaguliwa! Bonyeza moja." Siku ya kwanza Mama Sharon alimjibu vizuri tu.

"Hujambo binti? Kwenu hamna shikamoo?"

"Bonyeza moja."

"Nakuuliza kwenu wapi?"

"Bonyeza moja kuendelea."

Akamgeukia Getruda, jirani yake anayeuza nyanya. "Huyu mtoto ana kiburi."

"Mama Sharon, hiyo ni mashine!"

"Hata mashine ina aliyeizaa. Hakuifundisha adabu."

Tulicheka siku hiyo mpaka nikajikata kidole. Zikaja nyingine, za mganga wa nyota, za ile hela utume kwenye namba hii, na zote alikuwa anazipokea kwa kicheko, mpaka mwaka jana ilipokuja ile ambayo haikuchekesha.

Alipiga mwanaume analia. "Mama, mama, mimi mwanao, nimepata ajali." Na Mama Sharon, kwa vile alikuwa amekaa anaisubiri sauti hiyo usiku na mchana, akalitaja jina mwenyewe. "Ooko?" Yule akadaka hapo hapo: "Ndiyo mama, Ooko." Mama Sharon akatuma mtaji wake wote wa samaki. Jina lililotokea ni Josephat, akaambiwa ndiye daktari. Alipopiga kuuliza hali ya mgonjwa, simu ilikuwa imezimwa.

Hela ilirudi. Wiki tatu za kukopa na kukaanga, ikarudi. Lakini aliniambia, huku anaparua samaki bila kunitazama, akiniita kama wanavyoitwa wanaume wa Kisukuma, "Ngosha, kwa dakika kumi nilikuwa na mtoto. Hizo nizidai kwa nani?" Nikaendelea kunoa.

Sheria yake aliitoa harusini. Alikwenda kwao Shirati kumwoza mtoto wa kaka yake, na kule Wajaluo wana kitu chao kinaitwa pakruok. Ngoma ikikolea mtu anasimama, anatupa noti kwa wapiga ngoma, anawanyamazisha, halafu anajisifu: yeye ni nani, mwana wa nani, amefanya nini duniani. Watu wanamjibu kwa shangwe, ngoma inaendelea. Kila mtu ana sifa zake, za kwake peke yake, kama alama za vidole. Mama Sharon akarudi Mwanza na akili mpya.

"Mwizi anajua kulia," alituambia. "Kulia ni kazi yake. Lakini sifa za mtoto wangu atazitoa wapi?"

Basi ikawa hivyo. Namba ngeni ikiita, anafuta mikono kwenye kanga, anaweka sauti ya nje, wateja wote tunakaa kimya.

"Mama, mimi kijana wako, nimebadilisha laini."

"Karibu baba. Jisifu."

"Eeh?"

"Jisifu nikujue."

"Mimi ni... kijana mwema."

"Kijana mwema hata kuku anaweza kusema. Ongeza."

Wengi walikata hapo. Mmoja alijitahidi, nadhani naye alikuwa anaona raha. Akasema, "Mimi ni simba! Simba wa Yuda!"

"Huyo ni Bwana Yesu," Mama Sharon akamwambia taratibu, "na mama yake ni Maria. Wewe wako anajua unafanya kazi gani?"

Yule kijana akasema samahani mama, akakata. Getruda aliuza nyanya kidogo sana siku hiyo kwa kucheka.

Sasa ile Jumatano. Ilikuwa saa nne asubuhi, mafuta yamechemka, mimi nipo kwenye jiwe, Nestory wa bajaji amekaa kwenye ndoo anasubiri samaki wake. Simu ikaita. Namba ngeni. Mama Sharon akafuta mikono, akaweka sauti ya nje, akatukonyeza.

"Haloo."

"Mama. Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi mama. Ooko. Niko hapa Usagara, nimeshuka kwenye lori. Simu si yangu, nimeazima. Mama, sina nauli. Naomba unitumie kwenye namba hii hii, jina litatoka Gladness."

Wacha wee! Getruda aliruka juu ya nyanya zake. "Kata! Kata, Mama Sharon! Ni wale wale! Mwaka jana lilitoka Josephat, leo linatoka Gladness!"

Nestory naye akaipazia simu sauti: "Kijana, Usagara kuna mizigo mingi, kabebe!"

Mama Sharon hakukata. Wala hakucheka, na hapo ndipo mguu wangu ulipoacha pedeli. Aliishika simu kwa mikono miwili kama mtu anayeshika bakuli lililojaa.

"Jisifu," akasema.

"Nini mama?"

"Jisifu. Kama wajomba zako kule Shirati. Mimi sina mtoto asiye na sifa."

Tukasikia honi za malori, na mwanamke anaita mahindi, mahindi ya moto.

"Mama, mimi sina cha kujisifia."

"Kila mtu anacho."

"Sina. Nimerudi mikono mitupu, hata viatu sina. Ndiyo maana sikupiga. Nilisema nitapiga siku nikipata. Sikupata, mama."

"Huyu amesomea," Getruda akaninong'oneza. "Huyu ana digrii."

Mama Sharon alifumba macho. Nilimwona. Yule wa mwaka jana naye alikuwa na sauti hii hii, ya kukwaruza, ya mtu aliyelala vumbini. Akikata, huenda anamfukuza mwanawe aliyerudi. Asipokata, huenda anaibiwa mtoto mara ya pili.

"Kijana, mafuta yangu yanaungua," akasema. "Jisifu au nikate."

"Mimi ni Ooko."

"Ziwa zima lina kina Ooko."

"Mimi ni Ooko, mwana wa Agutu." Sauti ikasita, ikakohoa. "Niliyezaliwa nje, njiani, kwa sababu nyumba haikunitosha."

Macho ya Mama Sharon yakafunguka; kwa Kijaluo Ooko ni mtoto aliyezaliwa nje, na wake kweli alimzaa njiani. "Endelea."

"Niliyemwachia dada yangu minofu ya samaki, akadhani namhurumia, kumbe nafuata kichwa!"

"Endelea!"

"Niliyefukuzwa kwaya kwa sauti yangu! Mwalimu alisema nawatisha watu wa safu ya kwanza!"

Getruda akaziba mdomo. Na kule Usagara tukasikia watu wameanza kusogea, mwanamke anacheka karibu kabisa na simu, mwanaume anasema, "Sema baba, sema!" Sauti ya kijana sasa ilikuwa imenyanyuka, imesimama.

"Mimi ndiye niliyeshuka shimoni futi mia mbili kwa kamba! Shimo likameza viatu vyangu, likameza simu yangu, likameza miaka yangu mitatu, likafika kwangu likashindwa! Nimetoka! Mzima! Nimekuja kwa mama yangu Agutu, ambaye moto wake haujawahi kuzimwa na mvua!"

Mama Sharon alipiga kigelegele ambacho nadhani samaki walikisikia ziwani. Kule Usagara nao wakajibu, filimbi, makofi, honi. Sato watatu waliungua wakawa mkaa, hakuna aliyewatazama.

"Mama," ikasema ile sauti kelele zilipopungua, "sasa hiyo nauli..."

"Situmi!"

"Mama?"

"Niliapa mbele za Mungu kwamba hela haitoki tena kwenye simu hii. Kaa hapo hapo, usitoe mguu. Nakuja mwenyewe."

"Mama, ni mbali."

"Rorya ndiyo mbali. Usagara ni hapo."

Akafunga samaki sita kwenye gazeti, akamkabidhi Getruda karai, akamwamuru Nestory awashe bajaji. Mimi nikaamriwa pia. "Ngosha, panda. Beba na visu. Kama ni matapeli nitahitaji mwanaume mwenye silaha."

"Mama Sharon, viwili bado sijavinoa."

"Vizuri. Kisu butu kinauma zaidi."

Tukaenda tunacheka mpaka Mkuyuni. Kufika Nyegezi akawa anatazama barabara tu. Tulipoipita Buhongwa akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi, mtu anayekaa motoni kutwa.

"Ngosha. Wachimbaji wakilala wanasimuliana mambo ya kwao, sivyo?"

"Wanasimuliana."

"Sasa kama Ooko wangu alimsimulia mwenzake haya yote, na huyu ndiye huyo mwenzake? Na mwenyewe yuko bado kule chini?"

Nimetembea sana nchi hii na nimejifunza kusema uongo mdogo wa kumpoza mtu. Siku hiyo haukunijia. Nikamwita mama kwa Kisukuma: "Tutaona, mayu. Tumebakiza kidogo." Nestory akakanyaga mafuta.

Usagara, pale njia ya Geita inapokutana na ya Shinyanga, palikuwa na watu wamekusanyika kwenye jiko la mahindi, ng'ambo ya barabara. Mwanamke mwenye upepeo wa jiko mkononi alipotuona tunashuka akapiga kelele: "Ni wewe mama wa yule wa sifa?" Huyo ndiye Gladness mwenyewe, mwenye simu. Watu wakapisha.

Alikuwa amesimama peku, mwembamba, ndevu za ovyo, shati lina rangi ya udongo. Akamtazama Mama Sharon. Asisogee. Malori mawili yakapita katikati yao, na yalipokwisha kupita bado alikuwa amesimama pale pale.

"Mbona huji?" Mama Sharon akapaza sauti.

"Uliniambia nisitoe mguu!"

Hapo ndipo Mama Sharon alipojua. Sijui ni ule utii wa kijinga au ni namna kijana alivyosema, kichwa kimeinama upande, lakini nilimwona anajua. Alivuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Dereva wa basi dogo akafunga breki akamtukana, naye akamjibu bila kugeuka, "Na wewe ubarikiwe!" Alipomfikia mwanawe alimpiga bega kwa ule mzigo wa samaki, mara moja, mara mbili, ya tatu ikawa kumkumbatia, na gazeti likapasuka, sato wakamwagika miguuni mwa watu wakiwa bado wa moto. Wakaokotwa, wakapulizwa vumbi, wakaliwa pale pale na kila aliyekuwepo. Gladness alikataa kulipwa mahindi manne aliyokwisha kumlisha.

"Alivyotupigia majigambo hapa, mama, nimeuza jiko zima," akasema. "Akikosa kazi kwako, mrudishe."

Ulipofika wakati wa kurudi niliwaambia watangulie, mimi nina wateja wa visu pale Usagara. Baiskeli yangu yenye jiwe ilikuwa Pasiansi, na wote tulijua hivyo, lakini hakuna aliyeuliza.

Bajaji ikageuka, ikaondoka. Mama Sharon alikuwa amemshika mwanawe mkanda wa suruali kwa nyuma, kama anavyoshikwa mtoto anayejifunza kutembea, na tayari alikuwa ameanza kuongea. Sikusikia alichosema. Nestory aliniambia Jumatano iliyofuata kwamba mpaka Buhongwa alikuwa anamgombeza tu, kuanzia ndevu mpaka miguu, na kwamba Ooko njia nzima alikuwa anaitikia, "Ndiyo mama, ndiyo mama," huku anacheka kama mtu anayetekenywa.