Kamba ya Bihogo Ilivyofika Ujerumani

Nilikwenda Ujerumani nikiwa na habari ya kifo, na walionialika hawakujua. Barua yao ilisema shule yao ingefurahi kumpokea mwalimu mmoja kutoka kwetu kwa wiki mbili, aone wanavyosoma, na awasimulie wanafunzi habari za Lotte. Lotte ni ng'ombe. Sisi tulimwita Bihogo, kwa ile rangi yake ya kahawia iliyokoza, na alikuwa amekufa yapata miaka miwili.

Nieleze vizuri, nisije nikaonekana mwongo tangu mlangoni, ingawa kwa kweli nilikuwa mwongo. Shule yetu ya sekondari iko upande wa Kimuli, wilayani Kyerwa, nami nafundisha baiolojia na kilimo. Wanafunzi wa shule hiyo ya Kijerumani walipotutembelea, walinunua mtamba kwenye zizi la baba yangu kule Isingiro, wakatuachia tumtunze ili wasichana wa bweni wapate maziwa kwenye uji. Ng'ombe alibaki kuwa wao, sisi tulikuwa wachungaji tu. Kazi ya kumwogesha dawa ya kupe ilikuwa yangu. Mitihani ikaja, nikaruka wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ndigana, ile homa ya kupe, ikamchukua.

Kwetu habari ya msiba haiandikwi kwenye barua. Mtu hutumwa, anakaribishwa, anakaa, ndipo anasema. Kwa hiyo tukakubaliana tutawaambia wakija. Ziara yao ikaahirishwa. Ikaja barua: Lotte anaendeleaje? Nikajibu kwa mkono wangu huu kwamba hajambo na anawasalimia. Baada ya hiyo niliandika nyingine sita, na katika kila moja marehemu alisalimia.

Jumapili alfajiri nilipita nyumbani Isingiro kuaga. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kinyambo, alikuwa zizini akikamua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka, akauliza kama nakwenda kusema ukweli. Nikamweleza kwamba Mkuu wetu wa shule amenikataza. Wajerumani walikuwa wamekubali kutujengea tenki la kuvunia maji ya mvua. Wasichana wetu wanashuka bondeni na ndoo kabla hakujapambazuka, na mwaka jana mmoja alivunjika mguu kwenye ule mteremko. Mkuu alisema nikifungua mdomo, tenki hatulioni tena.

Tata alimaliza kukamua, akafungua kamba kwenye nguzo ya zizi, kamba ya katani iliyolainika kwa mafuta ya mikono. Ilikuwa ya kumfungia Bihogo miguu wakati wa kumkamua kule shuleni, nami ndiye niliyeirudisha alipokufa.

"Mchungaji akifiwa na ng'ombe wa mtu, anapeleka ngozi kwa mwenyewe," alisema. "Ngozi hutavuka nayo. Chukua hii. Na usikilize watakachokuuliza. Mnunuzi anauliza atalipwa nini. Mwenye ng'ombe anauliza alikufa siku gani na nani alikuwepo. Ukirudi uniambie wao ni akina nani."

Nilikasirika. Rahisi kwake, nilijisemea, yeye hana bweni la wasichana. Lakini kamba niliichukua.

Kutoka Kayanga hadi Bukoba nilikaa dirishani bila kuona kitu, mimi ambaye siku zote huhesabu migomba ya watu na kuitolea maksi. Bukoba nikapanda ndege ndogo, Dar es Salaam nikapanda kubwa. Usiku kucha nilipanga maneno ya kusema, kisha nikayapangua.

Jumatatu mchana, uwanja wa ndege wa Ujerumani, ofisa wa forodha alifungua begi langu. Alipitisha kahawa ya kutafuna niliyobeba kama zawadi, akaitoa kamba, akaigeuza, akaniuliza kwa Kiingereza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kumkamulia ng'ombe. Akauliza ng'ombe yuko wapi. Nikasema amekufa. Akaniangalia, akairudisha begini polepole, akanipa pole. Basi ndivyo ilivyokuwa: mtu wa kwanza kuambiwa ukweli alikuwa mgeni mwenye glavu, tena ulitoka kirahisi mno. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilipokewa na Mwalimu Renate, anayefundisha jiografia. Aliwahi kukaa Karagwe miaka miwili, na Kiswahili chake bado kina lafudhi ya kwetu. Ndiye aliyewaongoza wanafunzi siku ile ya kununua mtamba. Njiani hakuacha kuzungumza, na kila nilipotaka kuanza alikuwa na jambo jingine la kunionyesha. Au nilimwachia aendelee. Yote mawili ni kweli.

Jumanne saa mbili kasoro nilifika shuleni, kungali giza, baridi ya Novemba ikinipekua hadi mifupani. Wanafunzi walikuja kwa baiskeli zenye taa. Sare hakuna, gwaride la asubuhi hakuna, wala kengele ya kugonga, ila mlio mfupi kutoka ukutani. Shule yenyewe ni ya matofali mekundu, ya tangu enzi za mfalme wao, na kwa miaka mingi ilipokea wavulana peke yao. Wakati wa vita moja ilikuwa hospitali ya majeruhi. Ngazi zake za mawe zimelika katikati kwa miguu ya watoto wa watoto wa watoto.

Mwalimu akiingia darasani, hakuna anayesimama. Wanafunzi wanamuuliza maswali, wanambishia, naye anajibu kama vile kubishiwa ndiyo kazi yake. Mapumziko wanakula mkate kutoka kwenye vikopo vyao. Kipindi cha mwisho kikiisha, kila mmoja anapandisha kiti chake mezani ili mfagiaji apite. Hilo nililipenda kweli. Fimbo sikuiona popote, nikaacha kuitafuta.

Halafu nikafika kwenye korido ya ghorofa ya pili. Ukuta mzima ulikuwa wa Lotte. Picha yake na baba yangu, ramani ya Kyerwa, na barua zangu zote saba zimebandikwa kwa mpangilio, na kila mahali nilipoandika "anawasalimia" pamepigwa mstari wa rangi ya kijani. Msimamizi wa ukuta huo alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano, Mia, mwenye miwani na sauti ndogo. Alinionyesha mchoro wa uzito wa Lotte kwa kila mwezi tangu anunuliwe, aliouchora kwa kukadiria kutokana na barua zangu. Mstari ulipanda tu. Akanipa habari njema: Ijumaa saa nne shule nzima itakusanyika ukumbini, watampigia Mkuu wetu simu ya video, na Lotte ataonekana kwenye skrini kubwa.

Jioni nikamtumia Mkuu ujumbe kwamba haiwezekani, lazima tuseme. Jumatano mchana akajibu: "Ng'ombe amepatikana Nyakatuntu. Rangi ileile. Wewe tabasamu tu." Tangu hapo chakula hakikupita. Mwenyeji niliyelala kwake alinipikia viazi kwa namna tatu, akafikiri sipendi viazi.

Alhamisi, saa tano, vipindi vilisimamishwa. Wanafunzi walijipanga ukumbi wa chini mbele ya kibao cha shaba chenye majina kumi na moja. Mmoja mmoja alisogea, akasoma jina, akasema lilikuwa la mtoto wa darasa gani. Walipotawanyika, Mwalimu Renate alinipeleka maktaba akanifungulia daftari kuukuu la mahudhurio. Majina yaleyale kumi na moja yalikuwa humo, kila moja limekatwa kwa rula, na pembeni limeandikwa neno moja. Nikamuuliza maana yake.

"Amehama," alisema. "Walikuwa watoto wa Kiyahudi. Walifukuzwa, na wengi wao baadaye waliuawa. Mwalimu aliyeandika alijua wamefukuzwa. Kila vitabu vya historia ya shule vilipochapishwa, vilirudia neno hilo, wamehama, mpaka wanafunzi wenyewe walipoanza kuuliza walihamia wapi."

Akaniambia mwandiko ule ni wa mtu mwema, wazee wa mji walimkumbuka hivyo. Sifananishi ng'ombe na watoto wa watu, Mungu apishe mbali. Waliouawa ni waliouawa, na Bihogo aliumwa na kupe. Lakini nilitazama ule mwandiko mzuri, ulionyooka, nikaujua. Ni mwandiko wa mtu anayetaka siku ipite.

Nilikaa pale pale, nikamwambia Renate kila kitu. Alilifunga daftari. Kisha akaniuliza kama namwambia yeye tu au nawaambia wote, kwa sababu yeye hatawaambia kwa niaba yangu. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

Jioni ile nilimpigia Mkuu mara nne, hakupokea. Nikamwandikia kwamba kesho nasema. Ujumbe haukusomwa.

Ijumaa, saa nne kasoro robo, ukumbi ulijaa. Kwenye meza kulikuwa na keki yenye umbo la ng'ombe. Nilipanda jukwaani na kamba mkononi, Renate akisimama kando yangu kutafsiri. Nilisema Lotte amekufa. Nilisema alikufa kwa ndigana, kwamba kazi ya kumwogesha ilikuwa yangu na sikuifanya, na kwamba barua zote saba niliziandika mimi baada ya kifo chake. Nikaeleza kwamba kwetu mchungaji hupeleka ngozi kwa mwenye ng'ombe, na ngozi haivuki mpaka, kwa hiyo nimeleta kamba. Nikainyoosha mbele yangu kwa mikono miwili.

Mvulana mmoja mrefu alisimama akatoka, mlango ukajibamiza nyuma yake. Wengine watatu wanne wakamfuata.

Hapo skrini ikawaka. Ilikuwa saa nne kamili, na Mkuu wetu ni mtu wa saa. Alionekana amevaa suti, nyuma yake migomba ya shule, na mama mmoja ameshika ng'ombe wa kahawia iliyokoza, kapambwa utepe shingoni. "Good morning, Germany!" alipaza sauti. "Lotte is here!" Ukumbi mzima ulimtazama. Yule ng'ombe akageuza kichwa akautafuna utepe.

"Mkuu," nilisema, "nimeshawaambia."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka namna ile. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi, maana yeye wasichana wa bondeni ni wake pia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakukata simu. Hilo nitamsifia mpaka kesho.

Mia alisogea jukwaani. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Aliniuliza jambo kwa Kijerumani, na Renate alichelewa kutafsiri.

"Anauliza, alikufa siku gani?"

Nilimwambia ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri.

"Na alikuwa peke yake?"

Nikamwambia hapana. Nilikuwepo mimi na mlinzi wa shule, na nilimshika kichwa mpaka mwisho. Mia akanyoosha mkono, akaipokea kamba.

Siku zilizobaki zilikuwa nzito. Wanafunzi wa darasa moja walikataa kipindi changu, na walimu hawakuwalazimisha. Barua zangu hawakuzibandua. Mia aliandika tarehe ya kifo juu ya ya kwanza, akaukata mchoro wake wa uzito siku hiyo, akautundikia kamba chini. Kuhusu tenki, baraza la shule yao, ambamo na wanafunzi wanapiga kura, lilisema litaamua baada ya miezi mitatu. Mpaka naandika haya halijaamua, na wasichana bado wanashuka bondeni. Hilo ndilo linaloniuma, na sitajifanya haliniumi.

Nyumbani Mkuu alinisalimia kwa kichwa tu, wiki nzima. Siku ya nane akanikabidhi karatasi na kalamu, akasema barua nitaendelea kuandika mimi, na yeye atasaini. Nilianza hivi: mvua imechelewa, mnyauko umeingia kwenye migomba ya shule, na Kidato cha Pili tumefelisha wengi. Salamu nimeziweka mwisho. Nimejifunza kwamba habari mbaya ikikaa muda mrefu kwa mtu, inaanza kusalimia watu.

Isingiro nilifika Jumamosi jioni, ng'ombe wakirudi. Tata hakuniuliza habari za ndege wala baridi. Aliniuliza wamesema nini. Nikamweleza walioondoka na kubamiza mlango, na tenki lililokwama. Akasikiliza bila kunitazama. Kisha nikamwambia msichana mmoja aliuliza alikufa siku gani, na kama alikuwa peke yake.

Tata alifunga lango la zizi, akahesabu ng'ombe wake kwa macho.

"Basi huyo akija," alisema, "asipelekwe kwanza shuleni. Mlete hapa, aone mama yake Bihogo."