Kiti Chini ya Feni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya stima mjini Kitale, Foremani hakuniuliza cheti. Alinionyesha feni ya dari iliyonguruma bila kuzunguka, akanipa testa ya kupimia stima.

"Dada, zima meni swichi kwanza. Stima haijui wewe ni mgeni."

Tulibadilisha kapasita, kile kidude kinachoipa mota msukumo wa kuanza, na feni ikazunguka. Nilipoanza kukusanya vifaa, alisukuma kiti katikati ya chumba.

"Kaa hapo chini yake. Kama fundi anaogopa kukaa, hiyo kazi bado."

Nilikaa nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Tangu siku hiyo sikuwahi kutoka nyumba ya mtu bila kukaa chini ya feni niliyoitengeneza.

Kitale kuna baridi na feni si nyingi, kwa hivyo ufundi wangu uliiva nilipohamishiwa Bungoma. Msimamizi wetu wa huko alipenda haraka. Feni ikitikisika, yeye husema inunuliwe nyingine. Mimi nilibishana naye kila wiki, na mara nyingi nilishinda. Feni huugua kama watu. Uliza kwanza imefanyiwa nini.

Asubuhi moja mimi na kijana msaidizi tuliitwa Mabanga, nyumbani kwa Mama Wekesa. Feni ya sebuleni ilitikisika hadi dari likalia, na adhuhuri wangefika wazazi wa Nafula, mke wa mwanawe, kuiona nyumba alikoolewa binti yao kwa mara ya kwanza.

"Ilikuwa sawa mpaka huyu akaosha nyumba," Mama Wekesa alisema mbele ya Nafula mwenyewe. "Ati usafi! Wazazi wake wakija nitawaambia nini?"

Nafula aliinamisha kichwa, akatoka. Nilimhurumia sana. Nilimfuata jikoni.

"Mwanangu, mabawa uliyaosha yakiwa juu ama uliyatoa?"

"Niliyatoa, Mama. Ya hapa na ya chumba cha kulia. Nikaweka yote kwa karai moja."

Nikacheka kwa furaha. Mabawa ya feni moja hupimwa uzito pamoja kiwandani. Ukiyachanganya na ya nyingine, feni huyumba. Nilizima meni swichi, tukayateremsha, tukatafuta alama zilizogongwa kwa nyuma, kila bawa likarudi kwao. Nikakaza skrubu, nikavuta kiti, nikaketi chini ya feni. Kabla sijamwagiza kijana arudishe stima, Nafula alileta kigoda akaketi kando yangu.

"Washa," akasema.

Feni ilipanda mwendo hadi wa mwisho, imetulia tuli. Mama Wekesa, aliyekuwa mlangoni, akaja na kiti chake.

"Songa kidogo, binti yangu," alimwambia. Wageni walipobisha hodi walitukuta watatu chini ya feni.

Sasa nimestaafu, nimerudi Kitale, na vijana huniuliza siri ya kazi. Nawaambia hakuna siri: zima, uliza, kaza, kaa. Wengine hucheka hilo la mwisho.

Juzi Nafula alinipigia simu. Mama Wekesa alishatutoka, na nyumba sasa ni ya Nafula.

"Mama, kuna fundi hapa ametengeneza feni, sasa anataka kwenda."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemletea kiti. Na changu nimeweka kando."