Neno Moja la Kingereza Alilojua Baba

Watu husema mutoto hajui anachofanya. Uongo mutupu! Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilijua barabara.

Neno lenyewe ni "cousin". Mwalimu wetu pale Nchelenge alilileta darasani na fimbo mukononi. Kwetu, mutoto wa dada ya mama yako ni ndugu yako, basi. Akikutangulia kuzaliwa ni mukubwa yako, ukimutangulia ni mudogo yako, na hakuna mutu wa kukuuliza mulitoka tumbo gani. Mutoto wa mujomba ndiye mwingine. Huyo Wabemba wanamwita mufyala, unamutania, unamutukana mbele za watu, hata kumuoa unaweza. Mwalimu akasema Waingereza wanawatia hao wote kapu moja: cousin. Musichana mumoja akauliza, "Hata yule tulinyonya naye ziwa moja?" Akachapwa fimbo tatu kwa kubisha. Mimi sikubisha. Niliandika: brother ni wa baba mumoja na mama mumoja, wengine ni cousin. Siku ya mutihani nilipata kumi juu ya kumi, na mwalimu akachora nyota nyekundu kwenye kaye yangu, daftari pekee niliyokuwa nayo.

Jioni baba alirudi kutoka Kashikishi na tumbako, hana karatasi ya kusokotea. Akachukua kaye, akachana ukurasa wenye nyota, akasokota sigara yake. Nilipiga kelele. Alicheka mpaka akakohoa.

"Acha makelele, we! Moshi ya Kingereza iko tamu sana!"

Mama naye akacheka. Nilimuchukia baba kwa moyo wote, na sioni haya kulisema.

Wiki haikuisha, muuza chumvi mumoja akaleta habari kutoka Kilwa, ng'ambo ya ziwa letu, kwa Wabeleji, sisi tukiwa upande wa Waingereza. Mukubwa ya baba alikuwa amelala hospitali ya kule, muguu umeoza, anamwita baba amuone kabla ya kufa. Mama zao walikuwa mutu na mudogo yake. Mama ya yule mugonjwa alikufa akimuzaa, na nyanya yangu ndiye aliyemunyonyesha, baadaye akamunyonyesha baba. Walikulia mukeka mumoja kule Kilwa, ndiyo maana nyumbani kwetu tulisema Kiswahili na majirani wote Kibemba. Lakini mwaka ule ndui ilikuwa imeingia, na askari wa pande zote mbili walikuwa wanarudisha mashua. Muzungu wa boma akaja Kashikishi kugawa karatasi za kuvuka. Alimupa tu mutu mwenye mugonjwa wa kwake kabisa: bibi wa ndoa, muzazi, mutoto, ndugu.

Siku hiyo karani wake alikuwa amelala na malaria. Muzungu akauliza kwa mikono na Kibemba kibovu kama kuna anayejua Kingereza. Baba akanisukuma mbele.

"Huyu, Bwana! Mutoto yangu! Anajua yote!" Akawageukia watu kwenye mustari. "Sikieni sasa. Mutamusikia!"

Alikuwa amevaa koti aliyopewa na mukubwa yake.

Muzungu akaniuliza polepole kama mugonjwa yule ni brother wa baba yangu. Nilijua "yes" ingetosha. Nilijua pia nilichoandika kwenye ule ukurasa, na ukurasa ulikwisha kuwa majivu. Nikasimama wima kama niko darasani.

"No, sir. Cousin."

Akanisifu kwamba nasema vizuri. Akarudisha karatasi ndani ya sanduku, akaita mwingine. Baba alikuwa bado anatabasamu, mukono ameunyosha.

"Amesema nini?"

"Amekatala."

Baba alijaribu kuvuka bila karatasi. Askari walimurudisha, wakapasua mashua yake kwa shoka. Siku ya tano tukasikia kwamba mukubwa yake amezikwa na watu asiowajua, na kwamba alimwita baba mpaka sauti ikakatika.

Karani alipopona, baba akaenda kumuuliza sababu, na mimi nilikuwa nyuma yake. Karani alifunua kitabu cha muzungu, akasoma.

"Mutoto yako ndiye alisema. Ule si ndugu yako. Cousin."

"Cousin ni nini?"

"Ni mutu wa pembeni-pembeni tu."

Baba alilirudia neno lile njia nzima mpaka likakaa vizuri mudomoni. Nilingoja fimbo. Hakunipiga siku ile wala siku nyingine, ila hakusema tena "mutoto yangu". Ah, afadhali angenivunja mbavu!

Miaka minne ikapita, kifua kikamulaza baba hospitali ya misheni. Mimi nilikuwa Chienge, nafundisha watoto wadogo a, e, i. Nikapanda lori ya samaki, nikafika na sufuria ya uji. Sista muzungu akanizuia mulangoni: wanaingia bibi na watoto peke yao. Nikamwambia kwa Kingereza changu kizuri kwamba mimi ni mutoto wake. Hakuniamini, kwa maana kila mutu alisema hivyo. Akageukia kitanda, akamuuliza baba kwa Kibemba, "Huyu ni nani yako?"

Baba aliniangalia. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale ya siku ya mustari.

"Cousin," akasema, safi kabisa, kushinda mwalimu wangu.

"Baba!" nikalia. "Jamani, baba!"

Sista akapokea sufuria, akafunga mulango. Nilimusikia baba akiomba kijiko.